Maumivu ya Ubavuni: Kufuata Dalili Hadi Chanzo kwa Tiba ya Kichina na Tiba ya Kimagharibi

Mtu anayesema ubavu unamuuma huwa ametaja mahali tu, bado hajataja ugonjwa. Nyuma ya mbavu za chini za upande wa kulia kuna ini, mfuko wa nyongo, kona moja ya utumbo mpana na, kwa mgongoni, figo. Upande wa kushoto kuna wengu, ambao wengine huuita bandama, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, mkia wa kongosho, kona nyingine ya utumbo mpana na figo ya pili. Juu ya vyote hivyo yako mapafu na utando wake, na mbele yake uko ukuta wenyewe wa kifua: mifupa, gegedu, misuli, na neva zinazopita kati ya ubavu na ubavu. Chochote kati ya hivyo kinaweza kulalamika, na malalamiko yote mgonjwa huyasikia karibu mahali pamoja.

Mwongozo huu unaanza na dalili na kuliacha jina la ugonjwa lije baadaye, kwa sababu hivyo ndivyo mgonjwa anavyoanza. Unatumia mapokeo mawili ya tiba. Yote mawili huuliza maswali yanayofanana sana: maumivu ni ya namna gani, yanatembea au yametulia, yanazidi saa ngapi, yanaamshwa na nini. Tofauti iko katika kinachofanywa na majibu. Tiba ya Kimagharibi hutafuta kiungo kinachoharibika na kitu kinachokiharibu. Tiba ya jadi ya Kichina hutafuta mpangilio wa mwili mzima uliovurugika. Kwa maoni yangu, swali la kwanza lazima litangulie. Mpangilio uliovurugika unaweza kusubiri wiki moja ukarekebishwa, lakini mfuko wa nyongo uliojaa usaha hauna subira hiyo.

Dalili zisizosubiri uchambuzi

Ziko hali ambazo mgonjwa hapaswi kusoma zaidi ya aya hii kabla ya kufika hospitali. Maumivu ya ubavu wa kulia yanayoambatana na homa ya kutetemeka pamoja na macho kuwa ya manjano huashiria maambukizi katika mirija ya nyongo. Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza utatu huo wa dalili mwaka 1877, na hadi leo bado ni sababu ya kulazwa siku hiyohiyo. Maumivu yanayochoma ghafla pamoja na kuhema, kukohoa damu au mguu mmoja kuvimba, hasa baada ya upasuaji, safari ndefu ya kukaa au kulala kitandani kwa siku nyingi, yanaweza kuwa donge la damu lililokwama pafuni. Maumivu ya kubana yanayokuja na jasho la baridi, kichefuchefu au uzito wa mkono na taya yachukuliwe kuwa ya moyo mpaka kipimo kiseme vinginevyo, kwa kuwa shambulio la moyo kwa wanawake, wazee na wenye kisukari mara nyingine hujitokeza kama maumivu tu ya chembe ya moyo, yaani tumbo la juu chini ya kidari.

Aliyepigwa au kuanguka kwa ubavu wa kushoto, kisha akapata kizunguzungu na maumivu ya ncha ya bega la kushoto, huenda wengu wake umepasuka na anavuja damu tumboni. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 akipata maumivu ya chini ya mbavu za kulia, kichwa kikali au ukungu machoni, apimwe shinikizo la damu, mkojo, chembe sahani zinazogandisha damu na vimeng'enya vya ini mara moja, kwa sababu hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinachoanza kuliumiza ini. Na tumbo lililokakamaa kama ubao, ambalo mgonjwa hataki hata liguswe, ni la daktari wa upasuaji.

Ukuta au kilichomo ndani?

Mgonjwa asiye na dalili hizo ana nafasi ya kujichunguza. Swali la kwanza ni kama kinachouma ni ukuta wa mwili au ni kiungo kilicho nyuma yake. Mwambie mgonjwa aonyeshe panapouma. Anayeweka ncha ya kidole kimoja mahali pamoja, akabonyeza na kusema "hapa hasa", mara nyingi ana tatizo la ukuta. Anayepitisha kiganja kizima kwa duara na kushindwa kutaja mpaka wa maumivu, mara nyingi anaelezea kiungo cha ndani, kwa maana neva za viungo vya ndani ni chache na hazina uhodari wa kuonyesha mahali.

Ikiwa panapouma pako kwenye nyama ya tumbo chini tu ya mbavu, kipimo cha Carnett, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyekieleza mwaka 1926, hakihitaji kifaa chochote. Mgonjwa hulala chali, mchunguzi hubonyeza panapouma, kisha mgonjwa huinua kichwa na mabega bila kujisaidia na mikono. Misuli ya tumbo ikikazika hugeuka ngao juu ya viungo vya ndani. Maumivu yakipungua, chanzo kilikuwa nyuma ya ngao. Yakibaki yaleyale au yakizidi, chanzo kiko kwenye ngao yenyewe.

Matatizo ya ukuta ni mengi na kwa kawaida si ya kutisha. Misuli ya katikati ya mbavu huchanika kidogo kwa kukohoa sana au kunyanyua mzigo. Ubavu huvunjika kwa kuanguka, lakini kwa mtu mwenye mifupa iliyopungua uzito unaweza kuvunjika kwa kikohozi pekee, na picha ya eksirei ya siku za mwanzo hukosa kuonyesha nyufa nyingi za namna hiyo. Picha safi haimaanishi kwamba mgonjwa anajidekeza. Lipo pia tatizo linalosahauliwa mno, la ubavu unaoteleza. Mbavu ya nane, ya tisa na ya kumi hazifiki kwenye mfupa wa kidari. Ncha zake zimeshikamana kwa gegedu na nyuzi tu. Nyuzi zikilegea, ncha ya ubavu mmoja hupanda na kuiminya neva ya jirani, na mgonjwa husikia mchomo mkali akiinama au akijigeuza kitandani, wakati mwingine na mlio wa "tak". Mchunguzi akipachika vidole chini ya ukingo wa mbavu na kuuvuta taratibu mbele, maumivu yaleyale hurudi. Wapo waliopigwa picha za tumbo mara nyingi bila jibu, wakati jibu lilikuwa kwenye vidole vya mchunguzi.

Maumivu yanayochoma kila unapovuta pumzi

Hiki ndicho kichomi ambacho kila mtu anakijua kwa jina. Pumzi ikiingia, utando wa pafu husugua utando wa ndani wa kifua, na palipo na uvimbe panachoma. Kikiambatana na homa na kikohozi, sababu ya kwanza kufikiriwa ni nimonia. Kikiendelea kwa wiki kadhaa na jasho la usiku na kukonda, ni kifua kikuu. Donge la damu pafuni limekwisha kutajwa. Vipo pia virusi vya kundi la Coxsackie B vinavyoshambulia misuli ya mbavu na kuleta vipindi vya maumivu makali pamoja na homa, ugonjwa uliopewa jina la kisiwa cha Bornholm cha Denmark, ambao kwa kawaida hujiishia wenyewe ndani ya siku chache.

Tahadhari moja: kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo nacho hushuka pumzi inapoingia. Kwa hiyo jipu la ini au nyongo iliyovimba huweza kujifanya kichomi cha kulia, na nimonia ya chini ya pafu huweza kujifanya ugonjwa wa tumbo. Neva ya kiwambo hicho hutoka shingoni, kwenye pingili ya tatu hadi ya tano, na ndiyo maana kinachokikera kiwambo husikika begani.

Maumivu yanayokuja baada ya mlo na kukaa kwa saa kadhaa

Hapa upande ni wa kulia au chembe ya moyo, na kisa hujirudia kwa namna ileile. Saa moja au mbili baada ya mlo wenye mafuta mengi, au katikati ya usiku, maumivu huanza, hupanda kwa muda mfupi, hutulia kileleni bila kupumzika, huenda hadi chini ya bega la kulia, kisha huondoka. Jiwe limeziba shingo ya mfuko wa nyongo, mfuko umejikamua bure, na jiwe limerudi nyuma. Ingawa watu huyaita msokoto, hayapandi na kushuka kama ya utumbo. Kwa kawaida hayazidi saa tano au sita. Yakizidi hapo na homa ikaingia, jiwe halikurudi, na mfuko umeanza kuvimba.

Ishara ya Murphy, daktari wa upasuaji wa Chicago aliyefariki mwaka 1916, hutafutwa hivi. Mgonjwa hulala chali. Daktari huweka vidole chini ya ukingo wa mbavu za kulia, mahali ambapo mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga unakutana na ukingo huo, na kubonyeza kwa upole lakini kwa kina. Kisha humwomba mgonjwa avute pumzi ndefu. Ini hushuka na mfuko wa nyongo hushuka nalo, ukavikuta vidole. Mwenye mfuko uliovimba hukatiza pumzi katikati, hata kabla hajasema neno. Upande wa kushoto ujaribiwe vilevile kwa kulinganisha: mgonjwa anayekatiza pumzi pande zote mbili huenda anaogopa tu mkono. Kwa wazee ishara hii inaweza isiwepo hata nyongo ikiwa imeoza, hivyo isitumiwe kumrudisha mtu nyumbani.

Kipimo kinachofuata ni ultrasaundi, na mgonjwa afunge kula kwa saa sita hadi nane ili mfuko uwe umejaa na mawe yaonekane. Watu wengi wana mawe ambayo hayajawahi kuwauma wala hayatawauma. Kuona jiwe kwenye picha hakutoshi kulilaumu. Kisa cha maumivu lazima kilingane nalo. Mwenye selimundu hupata mawe ya nyongo akiwa bado mdogo, kwa sababu chembe zake nyekundu huvunjika kwa wingi na rangi yake huishia kwenye nyongo. Vidonda vya tumbo navyo huigiza kisa hiki, ila uchungu wake huwa wa kuunguza, huhusiana na njaa au dawa za maumivu za jamii ya aibuprofeni, na mara nyingi hutulizwa kwa muda na dawa za kupunguza asidi.

Uzito wa kudumu upande wa kulia

Nyama ya ini haina neva za maumivu. Kinachouma ni gamba jembamba linalolifunika, linapovutwa na ini linalovimba au linapochubuliwa. Jambo hili lina matokeo mawili. La kwanza ni kwamba ini linalovimba haraka, kama katika homa ya ini ya virusi, moyo unaoshindwa kusukuma damu au jipu, huleta uzito na kujaa chini ya mbavu. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kwamba ini linaloharibika polepole kwa virusi vya B au C, kwa pombe au kwa mafuta huweza kufika kwenye makovu bila kuuma hata siku moja. Kwa hiyo ukubwa wa maumivu hauonyeshi ukubwa wa ugonjwa.

Mambo ya kuangalia hapa ni macho, mkojo na choo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka kama udongo, na ngozi ikawasha, nyongo imezibwa njia. Homa kali ya siku nyingi na maumivu ya kugongewa mbavu za kulia, hata kama hakuna historia ya kuhara, humfanya daktari afikirie jipu la amiba. Msichana au mwanamke mwenye maumivu makali ya kulia yanayozidi kwa pumzi, pamoja na uchafu ukeni au maumivu ya nyonga, aulizwe bila haya kuhusu magonjwa ya zinaa: klamidia na kisonono huweza kupanda kutoka kwenye nyonga hadi kwenye gamba la ini na kulishikamanisha na ukuta kwa nyuzinyuzi, huku vipimo vya ini vikibaki karibu sawa. Na mwenye ini lenye makovu anayeanza kuumwa upya na kukonda apigwe picha haraka, kwa hofu ya saratani.

Ubavu wa kushoto, ngozi inayowaka, na maumivu ya kushukia kinenani

Upande wa kushoto hauna mengi. Wengu hukua kwa malaria ya kujirudia, kichocho cha tumbo, magonjwa ya damu na makovu ya ini, na mgonjwa husema anashiba upesi na anasikia uzito. Wengu uliokua hupasuka kirahisi. Mwenye wengu mkubwa asicheze michezo ya kugongana. Maumivu ya ghafla yanayotoboa hadi mgongoni na kupungua mtu akiinama mbele ni ya kongosho. Lakini sababu ya kila siku ni hewa iliyokwama kwenye kona ya juu ya utumbo mpana, ambayo hupungua baada ya kwenda haja au kutoa hewa.

Ngozi ya ubavu mmoja ikiwaka au kuchoma kama sindano, hata nguo ikawa kero, na ukanda huo usivuke mstari wa katikati ya mwili, subiri kuona malengelenge: mkanda wa jeshi huuma siku moja hadi tano kabla ya kujionyesha, na dawa za virusi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele kutokea. Maumivu yanayoanzia ubavu wa nyuma na kushukia kinenani kwa mawimbi, mgonjwa akigaagaa bila kupata mkao, ni ya jiwe la figo. Yakiwa na homa na mkojo unaochoma, ni maambukizi ya figo.

Tiba ya Kichina inasikia nini?

Tiba ya jadi ya Kichina hulihesabu lalamiko hili kuwa ugonjwa unaojitegemea, xietong, na hulihusisha kwanza na ini na nyongo. Katika Huangdi Neijing, maandishi ya kale yenye takriban miaka 2,000, maumivu ya chini ya mbavu zote mbili yanayovuta hadi tumbo la chini, pamoja na wepesi wa kukasirika, yanatajwa kuwa ya ini. Msingi wake ni ramani ya njia za chi, nguvu inayosemwa kuzunguka mwilini. Njia ya ini huanzia kidole gumba cha mguu, hupanda ndani ya paja, huzunguka sehemu za siri na kuenea kwenye mbavu. Njia ya nyongo huanzia kona ya jicho na kushuka kwenye ubavu hadi kidole cha nne cha mguu. Palipozibika, wanasema, panauma, na panapokosa kulishwa panauma pia, kwa namna nyingine.

Kutoka hapo mganga wa Kichina hutofautisha mipangilio minne mikuu, na namna anavyoitofautisha inastahili kusikilizwa hata na asiyeikubali nadharia. Maumivu ya kujaa na kuhamahama, yanayopanda na kushuka kwa hasira au huzuni, mgonjwa akishusha pumzi kwa nguvu mara kwa mara na kupata nafuu akicheua, huitwa kukwama kwa chi ya ini. Mapigo ya mshipa husikika yamekazika kama uzi wa gambusi. Maumivu ya kudungwa, yaliyotulia mahali pamoja, yanayozidi usiku, ulimi ukiwa na rangi ya zambarau au madoa, ni kutuama kwa damu, na husemwa kuwa mwisho wa chi iliyokwama kwa muda mrefu au matokeo ya pigo. Kinywa kichungu, kichefuchefu, kuchukia mafuta, mkojo wa njano sana, utando mzito wa manjano juu ya ulimi, na pengine macho ya manjano, ni unyevu na joto kwenye ini na nyongo. Na maumivu hafifu yasiyoisha, yanayozidi kwa uchovu, pamoja na ukavu wa kinywa, kizunguzungu na ulimi mwekundu usio na utando, ni upungufu wa yin ya ini, yaani majimaji na ubaridi unaolilisha: hapa hakuna kilichoziba, kuna kilichokauka.

Kosa kubwa zaidi katika mazungumzo ya mapokeo haya mawili ni kudhani kwamba "ini" ni lilelile. Katika tiba ya Kichina ini ni jina la kundi la kazi: mtiririko wa chi, hifadhi ya damu, hasira, kano, macho, hedhi. Mtu aliyeambiwa chi ya ini lake imekwama anaweza kuwa na vimeng'enya vya ini safi kabisa, na hana sababu ya kuhofu homa ya ini. Na mwenye virusi vya B anaweza kuonekana hana mpangilio wowote uliovurugika. Vivyo hivyo "wengu dhaifu" huzungumzia mmeng'enyo, kujaa tumbo na uchovu, si kile kiungo ambacho daktari hukitafuta kwa vidole chini ya mbavu za kushoto.

Hata hivyo ramani hizi mbili zinapishana mahali panapojulikana, na hapo ndipo tiba ya Kichina humsaidia anayetafuta chanzo. Mpangilio wa unyevu na joto ni, karibu neno kwa neno, sura ya mfuko wa nyongo uliovimba, mirija iliyoziba au homa ya ini kali. Mganga anayeukuta akiwa mwaminifu atampeleka mgonjwa apimwe damu na ultrasaundi siku hiyo, na hivyo ndivyo hospitali nyingi za China zenye idara za tiba zote mbili zinavyofanya. Kutuama kwa damu kunaweza kuwa ubavu uliovunjika, lakini maumivu yaliyotulia yanayodunga usiku, na uvimbe mgumu chini ya mbavu, ni sura pia ya ini lenye makovu na ya saratani. Mpangilio huo nao usitibiwe bila picha. Kukwama kwa chi kunalingana vizuri zaidi na yale ambayo tiba ya Kimagharibi hupata shida kuyapa jina: mmeng'enyo usiotulia, utumbo wenye hasira, misuli iliyokazika kwa wasiwasi. Hapa swali la Kichina kuhusu huzuni na hasira hufika mahali ambapo mashine ya picha haifiki.

Tiba, na hatari zake

Kwa kukwama kwa chi hutolewa mara nyingi mchanganyiko uitwao Chaihu Shugan San. Kwa unyevu na joto, Longdan Xiegan Tang. Kwa upungufu wa yin, Yiguan Jian. Kwa pigo la ubavuni, Fuyuan Huoxue Tang, ambao katika fomula yake ya kale una magamba ya kakakuona, kiungo kilichoondolewa kwenye orodha ya dawa ya taifa ya China mwaka 2020. Majaribio mengi yaliyofanywa juu ya dawa hizi ni madogo na yenye ubora wa chini, kwa hiyo anayeahidi kuyeyusha mawe ya nyongo kwa mizizi anaahidi zaidi ya ushahidi alio nao.

Hatari zake zinajulikana vizuri zaidi kuliko faida zake. Longdan Xiegan ulikuwa ukitengenezwa kwa aina ya mmea wa mutong yenye asidi ya aristolokia, sumu iliyoharibu figo za watu na inayosababisha saratani ya njia ya mkojo; China iliifuta aina hiyo mwaka 2003, lakini vifurushi visivyo na lebo ya kuaminika bado ni vya kuogopwa. Mzizi wa heshouwu, unaouzwa kwa kulisha damu na ini, umesababisha homa ya ini kwa baadhi ya walioutumia, jambo ambalo ni kejeli chungu kwa aliyekwenda kutibiwa ini. Mizizi ya danshen na danggui huzidisha nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kuleta kutokwa damu. Mzizi wa susu, uliomo katika michanganyiko mingi, ukitumiwa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu. Anayetumia lolote kati ya hayo amweleze daktari wake, na vimeng'enya vya ini vipimwe kabla na baada.

Sindano nazo zina somo lake. Nukta ya Qimen, inayotumiwa sana kwa maumivu haya, iko kwenye nafasi ya sita kati ya mbavu, chini ya chuchu moja kwa moja. Chini ya ngozi hiyo kuna misuli myembamba, kisha utando, kisha pafu au ini. Kwa sababu hiyo sindano huingizwa kwa mshazari au kwa kulazwa, kwa kina cha nusu cun hadi 0.8, cun moja ikiwa upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe. Anayeisimamisha wima na kuisukuma anaweza kulitoboa pafu. Kichomi na kuhema vinavyoanza saa chache baada ya sindano ya kifua si "chi inayofunguka", ni sababu ya kupigwa eksirei. Ningechagua mganga anayeanza na nukta za mbali, kama Yanglingquan chini ya goti kwa nje na Taichong juu ya wayo, ambazo katika mapokeo hayohayo zinahesabiwa kuufikia ubavu bila kuugusa.

Dawa za kawaida za maumivu pia si salama kwa kila chanzo. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe apewe kiwango cha chini zaidi kwa ushauri wa daktari. Aibuprofeni isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au ini lenye makovu.

Vipimo vikiwa safi na maumivu yakabaki

Vipimo vya mwanzo vinavyotosha kwa wengi ni picha kamili ya damu, vimeng'enya vya ini na bilirubini, kipimo cha kongosho, virusi vya B na C, mkojo, ujauzito kwa anayeweza kuwa nao, ultrasaundi ya tumbo la juu, na eksirei ya kifua. Kipimo cha umeme wa moyo huongezwa kwa mwenye umri mkubwa au vihatarishi. Vikirudi safi vyote, rudi kwenye ukuta: kidole kimoja, kipimo cha Carnett, ubavu unaoteleza, na uti wa mgongo wa kifua, kwa kuwa neva iliyobanwa mgongoni huuma mbele. Hapo pia ndipo ningempeleka mgonjwa kwa mganga wa Kichina bila wasiwasi, kwa muda uliopangwa, wiki sita hivi, na kwa sharti kwamba homa, manjano, kukonda au maumivu ya kuamsha usiku vinamrudisha hospitali papo hapo.

Kuna kundi moja la kushughulikiwa peke yake: waliokwisha kuondolewa mfuko wa nyongo na bado wanaumwa vilevile. Kwa baadhi yao jiwe lilibaki au limejiunda upya ndani ya mrija. Kwa wengine msuli wa mlango wa mrija huo unakazika. Na kwa wengine mfuko haukuwa na hatia tangu mwanzo. Kipimo cha damu kilichofanywa wiki mbili baada ya shambulio hakiwezi kuwatenganisha. Damu ichukuliwe maumivu yakiwapo au ndani ya saa chache baadaye, kwa sababu vimeng'enya vilivyopandishwa na jiwe linalopita hushuka tena baada ya siku chache.